Pipa la Pili

Pipa la kwanza halina neno. Polioli:
nzito kama shira ya kaimati,
ikikugusa unafuta kwa tambara, yamekwisha.
La pili ndilo lililonitoa kazini.

Isosianati. Mwaka mzima ulimi wangu ulijikwaa hapo,
mpaka Mwakio, fundi wa mtambo, akanifundisha
kulikata neno vipande kama muwa: i-so-sia-na-ti.
"Liite polepole," akasema. "Lenyewe lina haraka."

Na kweli. Changamwe, banda la nyuma,
mapipa mawili yanakutana mdomoni mwa mtambo
na maji kidogo, ya kunawa mkono mmoja.
Hesabu kumi, kumi na tano:
yale maziwa yanavimba, yanapumua, yanapanda
kama mahamri yaliyosahauliwa kando ya jiko,
hata likasimama bonge refu kuliko mtu,
jeupe, lenye joto tumboni.
Joto hilo hulioni. Bonge la leo usililundike juu ya jingine;
yapo yaliyolala salama yakaamka makaa.

Mji huu umelala juu ya kazi yetu.
Bibi harusi wa Kuze, mgonjwa wodini,
mlinzi wa Shimanzi na kipande chake alichookota.
Na si godoro tu: soli ya kiatu cha shule,
povu katika kuta za ghala la samaki,
rangi ya gari inayong'aa ukajiona meno.
Kote ni yeye yule, amefungwa, ametulia,
hana harufu wala ugomvi na mtu.

Kabla hajafungwa ndipo penye kazi.
Ukiisikia harufu yake, walituambia,
ujue umekwisha kula zaidi ya sahani yako.
Mimi sikuisikia. Kifua ndicho kilichosikia.
Kwanza usiku, filimbi nyembamba mbavuni;
kisha hata nguo za Mwakio, akipita tu.
Daktari akasema: kimemjua, na hakitamsahau.
Kama mke aliyeachwa, amtambuaye mtu
kwa kikohozi chake tu, nje ya mlango.

Nikalipwa miezi miwili. Nikaondoka.

Kikulacho ki nguoni mwako, twasema.
Waliosema hawakuwa na magodoro.

Usiku ule liliwaka duka la Taibali, Mwembe Tayari.
Moshi wa kwanza haukuwa mweusi.
Ulikuwa wa manjano, kama maji ya bizari,
ukitambaa ngazini bila kelele.
"Moshi tu," watu wakasema, "moto uko mbali."
Mbodze alikuwa ameshateremka na mwanawe.
Akarudi juu kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara.
Kifua kilikaza kabla sijaona chochote.
Godoro likiungua linarudi nyuma:
tulichokifunga kinafunguka,
pipa la pili linatoka tena hewani,
na halitoki peke yake. Linakuja na sianidi,
na kaboni monoksidi, asiye na rangi wala hodi.
Mmoja anachoma macho, anafunga koo;
mmoja anaukataza mwili kuitumia pumzi ulionayo;
mmoja anakalia kiti cha hewa ndani ya damu.

Nilipiga kelele: "Usipande! Huu si moshi wa kuni!"
Nani humsikiliza mtu anayekohoa?

Walimkuta kwenye ngazi ya tano, cheti mkononi.
Hakuungua hata ukope.
Nywele alizosuka jana zingali zikinukia nazi.

Mtaa mzima uliuliza: basi amekufa na nini?
Nilikuwa na jina. Lilikuwa refu mno kwa msiba.

Na mimi bado nalala juu ya godoro. Inchi sita, la kwetu.
Mgongo haujui kususa.
Mshumaa nauweka mbali, mlango siufungi kwa kufuli,
na kabla ya kulala nalibonyeza kwa kiganja:
linabonyea, linangoja, linarudi juu taratibu.
Linapumua vizuri kuliko mimi.